Mizunguko Mitatu Kabla ya Neno

Kila gari lililoingia mikononi mwake, Fundi alilipandisha kwanza juu ya kioo. Kilikuwa kioo kikuukuu cha dirisha, kimelazwa mezani juu ya taulo, na yeye aliamini kuwa katika mtaa mzima wa Chuno hapakuwa na kitu kingine kilichonyooka kama kile. Alichukua bisibisi nyembamba, akaipenyeza chini ya mkia wa gari, katikati kabisa, akaliinua polepole mpaka tairi za nyuma zikaachana na kioo. Tairi zote mbili zikiondoka pamoja, aliguna. Moja ikitangulia, hata kwa unene wa karatasi, alilishusha gari na kumtazama mwenyewe kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuja.

"Hili limejikunja," alisema. "Umekuwa ukililaumu kwenye kona, kumbe linachechemea."

Yalikuwa magari madogo, marefu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ya kuendeshwa kwa rimoti. Si yale ya kukimbia sakafuni. Haya yalikuwa ya mashindano ya kwenye vumbi na mchanga, yenye tairi za meno, shokapu nne, na bawa la plastiki mgongoni. Wapita njia waliyaita midoli. Fundi hakubishana nao sana.

"Mdoli haukosei kona," alisema. "Hiki kinakosea. Kwa hiyo si mdoli."

Duka lake na stationari nilimokuwa nikichapia watu barua vilitenganishwa na ukuta mmoja. Ukutani palikuwa na tundu la waya wa umeme, na kwa tundu hilo nilimsikia mwaka mzima kabla sijamjua. Nilimsikia akizungumza na feni. Nilimsikia akiiambia pasi ya mteja kwamba imevumilia vya kutosha. Siku moja nikamsikia akisema, "Ukiwa na haraka, pinduka peke yako," nikadhani anagombana na mtu, nikatoka kutazama. Alikuwa amesimama kwenye uwanja wa udongo mwekundu nyuma ya duka, rimoti mkononi, na mbele yake gari dogo la kijani limelala chali, tairi zinazunguka hewani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, njomba. Kanigeuzie lile."

Njomba, kwetu huku Kusini, ni mjomba na ni rafiki na ni yeyote unayemtaka karibu, lakini kwa kawaida haitwi mwanamke. Mkewe, aliyekuwa amekaa mlangoni akimenya muhogo, alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Njomba gani huyo ana hereni?"

"Anayejua kugeuza gari ni njomba," alijibu Fundi, macho yakiwa bado uwanjani.

Nikaligeuza. Kwa miaka tisa iliyofuata hakuniita jina lingine.

Gari lile la kijani halikununuliwa popote. Aliyetuletea magari haya Mtwara, au tuseme aliyetuletea sisi, alikuwa mhandisi mmoja aliyefanya kazi kwenye visima vya gesi Msimbati, mtu mrefu ambaye kicheko chake kilifika kabla yake. Alimletea Fundi gari lake lililovunjika usukani, na pamoja nalo mengine mawili yaliyokufa, ayachomoe vipuri. Fundi alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho. Akaliponya la Mhandisi, na kutokana na maiti zile mbili akaunda la kwake. Fimbo mbili nyembamba zinazovuta tairi za mbele kulia na kushoto alizitengeneza kwa spoki za baiskeli, kwa sababu spoki ina meno ya skrubu na nati ndogo, na ukiizungusha nati hiyo fimbo inarefuka au inafupika, na tairi inageuza uso wake kutazama ndani au nje. Ndani ya tairi alijaza sponji ya godoro. Kwenye shokapu alitia kwanza mafuta ya cherehani, na mafuta yale yakaivimbisha mipira midogo inayozuia kuvuja, mpaka shokapu zikakakamaa kama magoti yaliyolala kwenye baridi. Hakuficha. Mipira ile iliyovimba aliiweka kwenye kopo la kahawa juu ya rafu, na kila aliyeuliza alionyeshwa.

"Huu ni ujinga wangu," alisema. "Nimeuhifadhi usije ukarudi."

Alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ilimkimbizia nusu ya wateja na kumwachia nusu iliyompenda. Ukitaka kubadilisha kitu kwenye gari, badilisha kimoja tu. Kabla hujaliweka gari chini, kitaje kwa sauti, kila aliyepo asikie. Kisha endesha mizunguko mitatu bila kusema neno. Baada ya hapo, sema.

"Kimoja, mizunguko mitatu, ndipo mdomo," alisema, akihesabu kwa vidole vyenye grisi iliyokwisha kuwa rangi ya ngozi. "Mzunguko wa kwanza unaendesha hofu yako. Wa pili unaendesha matumaini yako. Wa tatu ndio unaendesha gari."

Nakumbuka mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuja na gari lililokuwa likimwaga mkia kila kona. Alikaa nalo usiku kucha kwake, akalegeza springi za nyuma, akasogeza betri, akabadilisha tairi, vyote kwa pamoja, na asubuhi akaja akitabasamu. Gari likazunguka uwanja mwekundu kama limefungwa kwenye reli.

"Limepona, Fundi."

"Nani kaliponya?"

Mwalimu akafikiri. "Sijui. Mojawapo."

"Basi halijapona. Limenyamaza tu."

Akamfanya arudishe kila kitu kilivyokuwa na aanze upya, kimoja kimoja. Mwalimu alinung'unika mpaka adhuhuri. Mchana akagundua kuwa ilikuwa betri peke yake. Springi alizozilegeza zilikuwa zikimwibia mwendo. Hakusema asante, lakini tangu siku hiyo nilimsikia akiwaambia wanafunzi wake wa hesabu waoneshe njia.

Mambo yote hayo yaliingia kwenye daftari. Lilikuwa daftari nene la jalada gumu, na kila ukurasa alikuwa ameugawa kwa mistari mitatu ya wima aliyoipiga kwa rula: kilichobadilishwa, kilichotokea, sababu. Ninalo sasa mezani. Nikilifungua linatoa harufu ya risasi ya kulehemia. Kwenye safu ya sababu, mwandiko wake mdogo uliosimama wima unasema: mchanga mkavu. Upepo wa kando. Sponji imelowa. Changarawe. Joto. Mara moja, nilipolipindua gari kwa sababu nilikuwa nikiwaza mambo yangu, nilichukua kalamu nikaanza kuandika "dereva." Akaninyang'anya.

"Dereva haandikwi."

"Lakini ni mimi niliyekosea."

"Leo umelala vibaya, kesho umegombana na mtu, keshokutwa mzima. Daftari ni la vitu vinavyokaa."

Sheria ya kutaja kwa sauti aliishika kuliko zote. Mwaka fulani, kwenye mashindano, gari lake likiwa mbele na mimi nikiliendesha, mpwa wake aliungama kuwa alikaza skrubu moja ya shokapu kimyakimya kabla ya kuanza, kwa nia njema. Fundi aliingia uwanjani, akaliokota gari likiwa bado linakwenda, akalipeleka kivulini. Hatukumaliza. Njiani kurudi hakumgombeza mpwa wake hata kidogo. Alisema tu kwamba skrubu ile ilikuwa inahitaji kukazwa kweli.

Na kulikuwa na pamba. Rimoti hizi hushikwa kama bastola: kidole kimoja kinavuta mwendo, na mkono wa pili unazungusha gurudumu dogo la usukani ubavuni. Nyingi zina mpangilio wa ndani ambao unaufanya usukani uwe mpole karibu na katikati. Ukizungusha kidogo, tairi hazijali. Ukizungusha sana, ndipo zinatii. Mhandisi alikuwa akiutumia. Fundi aliuita pamba, kwa maana ya pamba ya masikioni, na kumwambia mtu kwamba ameweka pamba yalikuwa matusi yake makubwa.

"Mkono useme, gari lisikie," alisema. "Ukiweka pamba, unasema uongo na gari linasema uongo, mnaelewana vizuri."

"Fundi, wewe unanionea wivu," Mhandisi alimjibu akicheka. "Mimi naendesha kwa raha."

"Endesha. Hata godoro lina raha, ila haliendi popote."

Lakini mtu huyu aliyechukia uongo wa uzi mmoja wa pamba alikuwa mwongo kwa neno moja, nalo ni kesho. Feni ya jirani ilikaa kwake tangu kiangazi kimoja mpaka mvua, na kila siku ilikuwa kesho. Wateja walikuwa wakipita mbele ya duka wakisema, "Fundi, kesho yetu ipo?" naye anajibu, "Ipo inaiva." Na mtu huyu aliyenyoosha usukani wa magari ya watu hakuwahi kuwa na leseni ya gari, na baiskeli yake mwenyewe ilikwenda upande kama kaa. Aligonga kibanda kimoja cha chipsi mara mbili, kibanda kilekile. Msikitini, kabla ya sala, aliitazama safu kwa jicho la mtu anayetazama ekseli, na akimwona mtu ametokeza bega alimgusa kwa upole kuliko alivyowahi kumgusa mteja. Mkewe alisema kuwa nyumbani hawezi kula mpaka sahani zimenyooka na ukingo wa mkeka.

"Mimi amenioa kwa sababu natembea sawa," mkewe aliniambia. Alikuwa mwanamke aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, na alikuwa na namna ya kuyasema mambo mazito kama anayesimulia bei ya dagaa. "Siku nikianza kuchechemea ataniweka kwenye kioo."

Mashindano yetu yalifanyika Msimbati, ufukweni, mara moja kwa mwaka korosho zikishavunwa na watu wakiwa na nafasi. Hatukuwa chama wala nini. Tulikuwa watu kumi au kumi na mbili, tukijipakia kwenye pikapu ya Mhandisi pamoja na magari yetu kwenye maboksi ya sabuni. Maji yakishakupwa, pwani inabaki pana na ngumu, mchanga umebana kiasi kwamba hata gari kubwa linapita bila kuacha shimo. Hapo tulichora njia kwa makumbi ya nazi. Mizunguko kumi. Wanawake waliokuwa wakisubiri samaki walikaa kututazama na kutoa hukumu ambazo hakuna aliyeziomba.

Mwaka wa kwanza Fundi aliliendesha gari la kijani mwenyewe. Alikuwa amelirekebisha mwezi mzima kwenye uwanja wa Chuno, na pale Chuno hakuna aliyemkaribia. Udongo mwekundu una changarawe, unateleza. Kwa hiyo alikuwa amelifanya gari liume: springi laini, tumbo juu, tairi za mbele zimeinama kidogo ili zishike. Alifika Msimbati akiwa na uhakika wa mtu mwenye funguo mfukoni. Kona ya kwanza, gari likauma ule mchanga wenye unyevu kwa nguvu zote alizolifundisha, na kwa kuwa mchanga haukuteleza kama udongo wa nyumbani, tairi zilisimama na mwili ukaendelea. Likabiringika mara tatu, likalala juu ya bawa lake.

"Hilo limeomba talaka," alisema mwanamke mmoja wa samaki.

Fundi akashusha tumbo, akakaza springi, akataja kila kimoja kwa sauti. Likakaa. Lakini wakati anamaliza kutaja na kuzunguka mara tatu tatu, jua lilikuwa limekausha mchanga wa juu, na ule ugumu ukageuka unga. Sasa pua haikutaka kuingia kona hata kidogo. Gari lilikwenda moja kwa moja kuelekea baharini, na tukalikimbilia. Lilikuwa kosa la watu wa Chuno: kudhani kwamba mchanga ni mahali, wakati mchanga ni saa. Fundi akakikandamiza kisigino mchangani, akakitoa, akatazama shimo lilivyojaa maji, akaandika. Tangu hapo hatukuweza kushindana Msimbati bila yeye kututangulia akitembea kwa visigino njia nzima, akiacha nyuma yake mstari wa mashimo madogo, kama mtu anayepanda mbegu.

Hakuliendesha tena siku ile. Alinipa mimi rimoti, na mwaka uliofuata, na uliofuata. Nilishinda mara mbili. Kila tulipopakia vitu kurudi alisema neno lilelile: "Mwakani mimi." Kumaliza mizunguko kumi Msimbati kwa mkono wake mwenyewe, gari likiwa limesimama kwa tairi zake nne. Hakuwa akitaka kushinda. Alitaka kumaliza, na alilitaka jambo hilo kwa namna iliyokuwa ikinitisha kidogo, kwa sababu sijawahi kumwona akitaka kitu kingine.

Nilisikia mikono yake kabla sijaiona. Kupitia lile tundu la waya, asubuhi moja, nilisikia bisibisi ikigusa kioo. Ti, ti, ti, ti. Nikadhani anapima kitu. Siku ya pili tena. Siku ya tatu nikaenda, nikamkuta ameinamia gari, bisibisi iko chini ya mkia, na ncha yake inacheza juu ya kioo kama mdudu aliyenaswa. Aliponiona aliiweka chini.

"Kahawa," alisema.

Akaacha kahawa. Siku tatu hakusema neno kuhusu jambo hilo. Siku ya nne akasema, "Si kahawa," akarudi kuinywa. Kisha akaanza kulala mapema, siku tatu. Si usingizi. Kisha akaacha kubeba ndoo. Si ndoo. Alijitengeneza kama alivyotengeneza magari, kimoja kimoja, akitaja kwa sauti na mkewe akisikia, na hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye daftari. Hospitali alikwenda mwisho kabisa, na aliporudi hakutaja chochote. Ni mkewe aliyeniambia, akichambua mchele.

"Wamempa vidonge. Wanasema vitapunguza, ila mtetemo wenyewe utakuwa wake. Ameuliza mpaka lini. Daktari kamwandikia vya mwezi mwingine."

Binti yao wa Newala alikuwa akiwataka wahamie kwake. Walikubaliana wangeondoka baada ya mashindano. Mwaka huohuo Mhandisi alipata uhamisho, na bila yeye hapakuwa na pikapu, na bila pikapu hapakuwa na Msimbati. Kila mtu alijua kuwa ni mara ya mwisho. Fundi aliingia stationari kwangu, kitu ambacho alikuwa hakifanyi, akasimama mbele ya mashine ya kopi mikono ikiwa nyuma.

"Safari hii mimi," alisema.

"Sawa, Fundi."

"Wewe utalirekebisha."

Nikalirekebisha wiki mbili. Yeye aliendesha uwanjani nyuma ya duka, mimi nikisimama kando na spana. Gari lilitii kila kitu ulichosema mkono wake, na mkono wake ulikuwa ukisema mengi. Kwenye njia iliyonyooka tairi ziliacha juu ya udongo mstari uliopindapinda, kama mshono wa mtu anayejifunza cherehani. Nilizungusha nati za spoki ili tairi za mbele zitazamane kidogo, gari lipende kwenda mbele. "Tairi za mbele, ndani," nikataja. Mizunguko mitatu. Ilisaidia kidogo. Nikasogeza betri mbele. Mizunguko mitatu. Nikatia mafuta mazito kwenye shokapu. Kila jioni tulijaza daftari, na kwenye safu ya sababu niliandika "mchanga," naye alisoma akalifunga, ingawa mchanga ulikuwa Msimbati nasi tulikuwa Chuno, kwenye udongo. Mshono ulipungua, haukuisha. Siku ya mwisho nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu, na sote wawili tulikijua, na hakuna aliyekitaja.

Nilikiweka Msimbati, asubuhi, Fundi alipokuwa akitembea kwa visigino. Nilichukua rimoti nikageuza mgongo, nikaingia kwenye mipangilio yake, nikatia pamba. Kisha nikamkabidhi bila kusema neno. Katika miaka tisa hiyo ndiyo mara pekee niliyoivunja sheria yake, na niliivunja macho makavu, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba mzee huyu atamaliza.

Mwaka ule yalishindana magari matatu tu: la Mhandisi, la yule mwalimu wa hesabu, na la kijani. Yakaondoka. Fundi alisimama ametanua miguu, rimoti ameibana kifuani. Kona ya kwanza, ile iliyompindua, akaipita polepole. Gari likatoka likaingia kwenye njia ndefu iliyonyooka, sambamba na maji, na nikazitazama tairi zinavyochora. Mstari ulikuwa umenyooka. Ulikuwa mstari ule wa rula kwenye daftari lake.

Naye aliuona. Nilimwona anautazama mkono wake, ambao ulikuwa ukitetemeka vilevile, kisha akautazama mchanga.

"Njomba."

"Naam."

"Umeweka pamba."

"Nimeweka."

"Hukutaja."

"Sikutaja, Fundi."

Nilingoja aingie uwanjani kuliokota gari, kama siku ya mpwa wake. Aliachia kidogo mwendo. Gari la Mhandisi likampita.

"Huu ni mzunguko wa kwanza," alisema. "Nyamaza."

Nikanyamaza. Mzunguko wa pili alinyamaza na yeye. Kwenye mzunguko wa tatu mchanga wa kona ya mbali ulikuwa umeanza kukauka, na pua ikasita kuingia, naye akaisubiri, akaipa muda, ikaingia. Ilipovuka mstari akapandisha sauti, sauti ile ya kutaja ambayo alikuwa akiwafundisha watu wazima.

"Gari la kijani lina pamba. Kwenye rimoti. Imewekwa leo, haikutajwa. Mnaotaka litolewe, semeni."

Mhandisi aligeuka, akasahau gari lake kwa nukta moja likapanda kumbi la nazi. Alikuwa na miaka tisa ya matusi ya kulipiza. Hakucheka.

"Tumesikia, Fundi," alisema. "Endesha."

"Mwalimu?"

"Nimesikia, mzee. Endesha."

Akaendesha. Wa nne, wa tano, wa sita. Wa saba upepo ulivuma kutoka baharini na bawa likainuka, tairi mbili zikaachana na mchanga, na mkewe, aliyekuja Msimbati kwa mara ya kwanza, akaishika kanga yake kwa meno. Gari likarudi chini. Wa nane. Wa tisa. Magari mengine yalikuwa yameshamaliza, na wenyewe walisimama pembeni, rimoti zimeelekezwa chini, kama watu waliofunga safu. Wa kumi aliupita taratibu mno hivi kwamba mwanamke mmoja wa samaki aliuliza kama betri imekwisha. Haikuwa imekwisha. Alikuwa akiitazama kila kona anavyoiacha.

Gari likavuka mstari na kusimama kwa tairi zake nne.

Mkewe alimletea kiti cha plastiki, akakaa. Nilipiga magoti karibu yake, nikafungua daftari juu ya paja langu. Kilichobadilishwa: pamba. Kilichotokea: mizunguko kumi. Kwenye safu ya tatu nikaanza, kama wiki zile mbili zote, kuandika herufi ya kwanza ya mchanga.

"Futa," alisema.

Nikafuta.

"Andika mkono."

Nilimtazama. "Dereva haandikwi, Fundi. Daftari ni la vitu vinavyokaa."

Aliuinua mkono wake wa kulia mbele ya uso wangu, katikati yetu na bahari, akauacha uteteme bila kuuficha, jua likipita katikati ya vidole.

"Huu unakaa," alisema. "Andika, kisha niletee bisibisi. Mkia bado unavuta kulia."